Defanse ya Rutagengwa

Mbugangari, tarehe 9 Septemba 2023

Jado mutoto yangu,

Salamu ndiyo inapita mbele, mengine yote itafuata nyuma.

Uko muzima? Unakula? Jana Ijumaa nilifika ku mulango ya gereza na viazi na isambaza, samaki ndogo za ziwa, za kukaanga vile unapenda, wakasema kutembelea kumefungwa juu ya ugonjwa iliingia ndani, mupaka watakapotangaza. Nikauliza ule askari, na chakula? Akasema, mama, chakula iko ndani. Nikamwambia ya ndani mi siijue, ya kwangu naijua. Akacheka lakini hakufungua.

Donc tutaandikiana. Pasta Ndayisaba, ule anaombeaka wafungwa, yeye wanamuacha aingie. Atapeleka yangu na kuleta yako. Ujue mi kuandika nilifundishwa Masisi kwa misioni, mwaka ine, na ya tano haikufika. Ukiona herufi imelala, iamushe.

Waya zako walizikata zote. Zinaning'inia ku manyumba kama matumbo ya mbuzi siku ya Pasaka. Watoto ya Mama Larissa bado wanakaa mbele ya televisheni yao saa ya mupira, na iko nyeusi. Nikamuuliza, wanaangalia nini? Akasema, wanajiangalia.

Jirani Karangwa, ule wa kutoka Tanzania, alikuja kunipa pole na Kiswahili chake cha redio. Alisema, «Mama Jado, mwizi akiiba mbuzi, mbuzi haonekani. Mwanao ameiba picha, na picha bado wanayo wenyewe. Huu ni wizi wa namna gani?» Mi najiuliza hivi. Ukinunua taa yako, mwangaza ikatoka ku dirisha, jirani akaona njia ya kwenda chooni, utamufunga juu ya nini? Wewe ulilipa picha ya televisheni ya nyumba moja, ukavuta waya mupaka ku manyumba makumi tatu na moja. Walikuwa wanakupa pesa ya umeme tu, na mutu ya kukosa ulikuwa unamuacha aangalie.

Maître Ritah, avoka ya kukutetea, alinieleza pole pole, na Kiswahili yake ya jeshi ya Uganda. Anasema kesi yote imesimama ku kitu moja. Kama hakimu ataamini ulikuwa hujue ni kitu ya kukatazwa, atakupiga faini, utarudi nyumbani. Kama ataona ulijua, ni gereza. Nikasema, bon, mutoto yangu hakujua, tena sisi tuna ruhusa. Akaniuliza ruhusa gani. Nikamwambia, ile defanse ya baba.

Kwa nini hukumuambia? Kitu iko ukutani juu kabisa ya mashine yako, chini ya Moyo Mutakatifu wa Yesu, na kioo yake. Baba yangu Rutagengwa alipewa na Bazungu wakati alikuwa mutumishi ku hoteli ya hapa ku ziwa. Wewe unajua hadisi lakini nakuambia tena, itakusaidia kulala. Bazungu wa kunasa sauti walipanda mupaka kwetu Rugerero, wakamukuta nyanya yangu Kankindi, mama ya baba, anacunda maziwa, anaitikisa ndani ya kibuyu ya kisabo mupaka itoe siagi, na kuimba. Wakamuambia imba tena. Akaimba. Wakaenda. Nyuma ya miezi, baba anapanga sahani ku hoteli, anasikia mama yake anaimba ndani ya redio ya Bazungu. Akauliza itarudi lini, wakamuambia juma ijayo, siku ile ile, saa ile ile. Akatafuta waya, akaivuta toka ile redio mupaka ku kambi ya watumishi, akatundika kipaza sauti ku mukaratusi, akaenda kumuita mama yake kwa miguu. Watu wote wakakusanyika. Nyanya akasikiliza mupaka mwisho, akasema, «Ule mwanamuke anaharakisha. Siagi yake haitashika.» Hakujitambua.

Ni nyuma ya pale Bazungu wakamupa baba karatasi. Alibebaka ile karatasi ndani ya mwanzi wakati wa kukimbilia Congo. Alikuwa anatuambia, «Hii ni defanse. Isitoke ukutani. Walisema ikae pale macho ya watu inafika.» Na mi nikairudisha hapa. Unakumbuka ulikuwa na miaka kumi, mwalimu wa Kifaransa anakusifu, ukapanda ku kiti ukaisoma yote na kidole? Nikakuuliza inasema nini. Ukashuka, ukaniambia, «Mama, ni karatasi muzuri sana.» Siku ile nilijua shule inasaidia.

Sasa nataka niitoe, niipeleke kwa hakimu. Niambie.

Mama yako anakupenda,
Mukagasana

*

Gerezani, 16 Septemba 2023

Mama yangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Herufi zote zimesimama wima, hakuna hata moja iliyolala. Mi niko salama. Tunalala wengi lakini nina ukuta upande mmoja, na mwenye ukuta hapa ni tajiri. Kifua kimepona. Viazi vyako mpe Larissa, amwambie mama yake azime ile televisheni, itaharibu macho hata ikiwa nyeusi.

Sasa nisikilize vizuri. Ile karatasi ya babu iache palepale ilipo. Usiitoe ukutani. Usimpelekee Maître Ritah, usimpelekee hakimu, usiitaje tena hata ndani ya barua. Kioo chake ni cha zamani, barabara ni mbaya, kitavunjika. Na mahakimu mambo ya zamani yanawachosha. Nimekwishamwambia Maître kwamba ni picha ya ukumbusho tu.

Mama, hii barua inapita mbele ya macho ya watu wengi kabla haijafika kwako. Siwezi kuandika yote. Naomba uelewe. Elewa, mama.

Siku ya kesi baki nyumbani. Utaumwa presha bure. Dada Umutesi atakupigia simu toka Kigali kukuambia.

Mwanao,
Jado

*

Mbugangari, tarehe 5 Oktoba 2023

Jado wangu,

Leo moyo yangu imekaa mahali pake, mara ya kwanza toka walipokuchukua.

Nilielewa. Uliandika macho ya watu wengi wanasoma, huwezi kusema yote, elewa mama. Nikaweka barua chini, nikasema, mutoto anazungumuza na mi kwa fumbo. Kama angeandika «leta», wale wa gereza wangejua, wangepasha habari kwa wenye picha, na wangekuja kuiba defanse yetu usiku. Akaandika «usilete». Na neno «elewa» akaliweka mara mbili. Nikacheka peke yangu jikoni. Nikasema, ni damu ya Rutagengwa ile.

Nilitoa ile karatasi nikaifunga ndani ya kitenge yangu ya harusi. Ku moto, ile pikipiki ya abiria, nilipanda nimeikumbatia kama mutoto wa kuharisha, ule wa moto akauliza, mama ni nini, nikamuambia ni avoka yangu ya kweli.

Uliona vile nilisimama? Maître Ritah alinivuta nguo, nikamunyanganya nguo. Nikamuambia hakimu, «Mukubwa, huyu mutoto alikuwa hajue ni kitu ya kukatazwa, juu nyumba yetu ina ruhusa toka wakati ya Bazungu. Imetundikwa juu ya mashine yake kila siku ya Mungu. Alikuwa anaiona akiamuka na akilala. Na anajua Kifaransa, aliisoma toka ana miaka kumi.» Nilitaka wajue hukuwa mutu wa kichaka.

Hakimu alimupa grefye, karani ya korti, aisome. Hata ule wa kukohoa aliacha kukohoa. Wakaisoma tena wao kwa wao, pole pole. Na ule wa parke, ule anakushitaki, alinigeukia na heshima, akasema, «Ahsante, mama.» Mara mbili. «Ahsante sana, mama.» Wakaweka defanse ndani ya dosiye ya kesi, na muhuri juu yake. Mi nikasema, kama wanaipiga muhuri, basi imekubaliwa.

Wewe uliinamisha kichwa. Niliona mabega yako. Nililia na mi, lakini nilikuwa nalia na kucheka.

Maître Ritah hakuniongelesha njiani. Wale wa Uganda, ukiwazidi ujanja, wanakasirika. Vumilia, nitamuletea jibini ya Masisi.

Nimepaka chokaa chumba yako. Ni msumari tu iko pale, inangoja defanse irudi. Na we.

Mama yako,
Mukagasana

*

Gerezani, 13 Oktoba 2023

Dada Umutesi,

Hii inakuja kwa mkono wa Maître Ritah, haikupitia kwa wasomaji wa hapa, kwa hiyo naandika wazi. Ukimaliza ichome.

Miaka mitatu. Ulisikia kwa simu lakini nataka ujue kwa nini, na nataka ujue peke yako.

Ile karatasi si ruhusa. Ni katazo. Neno kubwa la juu, lile ambalo mama analiita jina la karatasi, maana yake ni marufuku. Wakoloni walimwandikia babu kwamba akivuta waya tena kugawa redio, atafungwa. Na mimi nilivuta waya miaka minne chini ya karatasi inayosema usivute waya, halafu nikasimama mbele ya hakimu nikaapa kwamba sikujua.

Parke hakuwa na kitu, Umutesi. Alikuwa na dekoda na waya, basi. Maître alikuwa amekwisha kuona uso wa hakimu, alikuwa anahesabu faini. Mama akasimama na kitenge chake cha harusi. Hakimu alisema sheria ya leo si ile ya Wabelgiji, mtu hahukumiwi kwa karatasi ya babu yake. Lakini kuhusu kujua, akasema, «mshitakiwa alikuwa na marufuku juu ya kichwa chake, na mama yake mzazi anashuhudia kwamba ameisoma.» Ndiyo maneno yenyewe, nimeyashika kwa kichwa.

Utaniuliza kwa nini sikuitoa ukutani miaka yote hii. Nilikuwa na miaka kumi. Nilipanda juu ya kiti kwa majivuno, neno la kwanza nikalijua, la pili nikalijua, nikafika chini nikawa nimejua yote. Nikageuka. Mama alikuwa amesimama na mikono ndani ya unga, anangoja. Watu wa Masisi waliokuwa wametukimbilia walikuwa wamekaa kwenye mkeka, nao wanangoja. Mama hana cheti cha shule, hana picha ya harusi, hana shamba la baba yake. Alikuwa na ile. Ningesema nini? Nikasema ni nzuri. Baadaye kila mwaka ilikuwa ngumu zaidi kusema, na mwishowe nikazoea kuiona bila kuisoma, kama Yesu aliye juu yake.

Sikuweza kumwandikia wazi. Barua zinafunguliwa hapa. Kuandika «ile karatasi inakataza» ilikuwa kumpa parke ushahidi kwa mkono wangu. Nikaandika elewa. Akaelewa vyake.

Sasa nakuomba kitu kimoja. Asijue. Mi hii miaka nitaimaliza, nina mabega. Yeye akijua hatamaliza mwezi. Kama akiuliza, karatasi ilisaidia.

Jado

*

Mbugangari, tarehe 12 Novemba 2023

Jado mutoto yangu,

Wamekupeleka mbali. Pasta Ndayisaba anasema ile gereza ya Kusini ni safari ya siku nzima, na yeye anaendaka mara moja kwa mwezi na wenzake. Nimekutumia sweta, soksi mbili, na Biblia ndogo. Ku kurasa za Zaburi niliweka jani ya mukaratusi, usiitupe, ni ya kifua.

Miaka tatu. Nilipoisikia nilikaa chini ku mulango ya soko na watu wakanipita. Lakini nilifikiri sana, na nimejituliza hivi. Bila defanse wangekupa kumi. Watu wanafungwa miaka kumi juu ya vitu kidogo. Umutesi naye anasema ndiyo, ilisaidia. Lakini anasema haraka haraka, na anabadilisha maneno. Nafikiri anaona haya kuwa hakukuwa pale mi nilikuwa pale.

Hata hivyo kuna kitu inanikosesha usingizi. Defanse hawajairudisha. Kila Jumatatu nakwenda ku korti, nasimama ku dirisha ya grefye. Ule kijana sasa ananijua. Ananiambia, «Mama, umekuja kusalimia karatasi yako?» Namuambia ndiyo, inalala wapi? Anasema iko ndani ya dosiye, dosiye iko ndani ya kabati, kabati ina ufunguo. Namuuliza kama panya inaingia. Anasema panya wa serikali hawale Kifaransa. Ni mutoto wa kuchekesha, lakini karatasi hanipe.

Juzi alisema kitu ya ajabu. Alisema, «Mama, hata wakikurudishia, usiitundike tena.» Nikamuuliza kwa nini. Akaangalia nyuma yake, akasema, «Jua itaipausha.»

Sasa ya rufaa. Maître Ritah anasema itasikilizwa Februari. Mara ya kwanza nilisema mambo kidogo juu ya woga. Mara hii nitaeleza yote, toka kisabo ya nyanya yangu mupaka mukaratusi, wajue sisi tumegawa redio toka wakati watu wengine hawajue redio ni nini. Karatasi itakuwa pale, na mi nitakuwa mudomo yake. Niambie kama ni vizuri.

Mama yako,
Mukagasana

*

Gerezani, Kusini, 3 Desemba 2023

Mama yangu,

Sweta imenitosha, mikono tu ni mirefu, umesahau kwamba niliacha kukua. Jani la mukaratusi bado linanukia. Hapa kuna baridi ya asubuhi lakini si kama ya kwetu, haina volkano nyuma yake. Nimepewa kazi jikoni, nachota maharage. Kuna mzee mmoja wa Mahoko ananiita «mtoto wa televisheni». Kila jioni ananiambia nimsimulie mechi ya zamani, dakika kwa dakika, na mi namsimulia, wengine wanasogea. Unaona, hata hapa nagawa.

Mama, ndiyo. Karatasi ilinisaidia. Hakimu mwenyewe aliitaja ndani ya hukumu. Uliniokoa na mabaya zaidi, na kila usiku nakuombea kwa sababu hiyo.

Ndiyo maana nakuomba ya rufaa uwaachie wao. Karatasi imekwisha kusema. Mtu akisema jambo zuri mara mbili mbele ya hakimu, linaonekana la kununua. Maître Ritah anajua atakavyolitumia. Wewe kaa nyumbani, uangalie presha, uwaambie jirani wanisalimie.

Na usiende tena kila Jumatatu kwenye dirisha la yule kijana. Itarudi siku nitakayorudi. Nitaileta mwenyewe.

Mwanao,
Jado

*

Mbugangari, tarehe 11 Februari 2024

Jado,

Hii barua niliianza mara ine. Pasta Ndayisaba anaondoka kesho, kwa hiyo itakwenda vile iko.

Juma iliyopita nilivuka mupaka mudogo kwenda Congo na beseni ya karoti, niliuza Birere mupaka saa tano, ikabaki kidogo. Nikakaa ku kivuli ya ukuta ya depo fulani. Mwanaume mumoja akaja, akageukia ukuta, akaanza kukojoa. Sentineli, mulinzi wa pale, akatoka na fimbo, akasema, «We, kichwa ya mbuzi, hauone defanse?» Ule akasema, «Mi sijue Kifaransa.» Sentineli akasema, «Na mukojo yako inajua?» Tulicheka wote, mi na ule wa kuuza ndizi pembeni yangu, tulicheka sana. Kisha nikainua macho.

Ilikuwa imeandikwa na rangi nyekundu. D yenye tumbo, E, F, E, N, S, E. Ni zile zile. Jado, mi naijua ile neno vile najua alama ya mukono yangu. Nimeipanguza vumbi kila Jumamosi toka nilipokuwa musichana.

Nikamuuliza sentineli, «Papa, hii defanse inakinga nini?» Akasema, «Haikinge kitu, mama. Inakataza.» Nikasema, si defanse ni kama avoka, ya kukutetea? Akasema, «Ile ni ingine, ya korti. Hii ya ukuta ni usifanye. Kila defanse ya ukutani ni ya kukataza, mama. Uliza nani.»

Niliuliza nani. Niliuliza ule wa ndizi, niliuliza mwanafunzi mwenye unifomu, niliuliza soeri mumoja, ule mutawa, ku barrière ya mupaka. Wote walisema vile vile. Karoti niliziacha pale.

Nimetembea toka kule mupaka nyumbani, na kila hatua kitu moja inarudi. Ule wa parke kusema ahsante mara mbili. Maître kunivuta nguo. Kijana ya grefye na jua yake ya kupausha. Umutesi na kusema haraka. «Usilete», na mi nikasema ni fumbo. Uliandika kitu wazi kama maji, Jado. Ni mi nilitafuta tope ndani yake.

Na kiti. Nimekumbuka vizuri sasa. Ulipogeuka pale ku kiti hukucheka. Uliniangalia mikono. Ulikuwa na miaka kumi, na uliniangalia vile mutu anaangalia mugonjwa. Kisha ukasema ni karatasi muzuri sana.

Sitakuja ku rufaa. Nitakaa inje, mbali ya mulango, mudomo yangu imefungwa na kitenge. Hiyo usiogope.

Sitasema unisamehe, juu najua utaandika hakuna ya kusamehe, na nitalia bure. Nakuomba kitu ingine. Umenisomea ile karatasi mara moja, vibaya. Nisomee tena. Neno kwa neno, toka juu mupaka chini, usiruke. Nimekuwa nayo miaka yote na haijanisemesha. Nataka kujua baba yangu alitundika nini.

Mama yako
Mukagasana

*

Gerezani, Kusini, 10 Machi 2024

Mama,

Rufaa umekwisha kusikia. Imebaki ile ile, miaka mitatu. Maître aliniambia alikuona inje kwenye jiwe, na kitenge mdomoni, na mvua inanyesha, na hukuingia hata chini ya paa. Mama, paa si hakimu. Siku nyingine ingia.

Nilikuwa nimeandika barua ndefu ya kukutuliza. Nimeichana. Uliomba nikusomee, nakusomea. Maître alinipa kopi. Ni hii, sikuruka kitu.

«Kisenyi, 14 Novemba 1956.

Marufuku.

Mwenyeji Rutagengwa, mtumishi wa hoteli, anakatazwa kuanzia leo kupokea matangazo ya redio na kuyapeleka kwa watu wengine, kwa waya, kwa kipaza sauti au kwa chombo kingine chochote, bila ruhusa ya wenye haki juu ya matangazo hayo.

Wimbo uliosikika ndani ya kambi ya watumishi siku ya tatu ya mwezi huu, unaoitwa Mwanamke Akicunda Maziwa, ni mali ya kituo cha redio na ya bwana aliyeunasa. Jina la mwimbaji halijulikani.

Kwa sababu ni kosa la kwanza, na kwa sababu mtuhumiwa alisema mwimbaji ni mama yake, jambo ambalo hakuweza kulithibitisha, anasamehewa kifungo. Akirudia, atafungwa.

Marufuku hii itatundikwa na mtuhumiwa mwenyewe mahali anapokaa, juu ya ukuta, pale ambapo macho ya watu wote yanaifikia, na haitaondolewa.»

Chini kuna sahihi isiyosomeka na muhuri wa duara. Hakuna zaidi.

Sijui kama babu alijua inasema nini. Usiku mwingine nafikiri hakujua, kama wewe. Usiku mwingine nafikiri alijua kila neno, na alitwambia tu lile ambalo angeweza kuvumilia kulisema mbele ya watoto wake. Nyanya Kankindi jina lake limeandikwa mahali pamoja tu duniani, ndani ya barua yako ya kwanza, ile ya Septemba. Nimeiweka ndani ya Biblia, kwenye Zaburi, na lile jani.

Ule msumari uutoe, mama. Waliamuru itundikwe na isiondolewe, na tumewatii miaka sitini na saba.

Jado wako